Dalia za Bwana Dawa

Kabla ya kugusa dalia zake, Bwana Dawa alioga. Sisemi kunawa mikono. Alirudi kutoka mashambani jua likiwa bado juu ya ngano, akavua ovaroli na mabuti nyuma ya nyumba, akajimwagia ndoo mbili za maji, akajisugua kwa sabuni ya mche mpaka juu ya viwiko, kisha akavaa suruali ya kaki ambayo haikuwahi kwenda kazini. Ndipo alipofungua lango dogo la fito na kuingia bustanini. Hata siku ambazo baridi ilishuka kutoka Mlima Hanang na kambi nzima ya wafanyakazi imejifunga mablanketi mabegani, yeye alioga. Aliyetaka kumpa mkono kabla hajaoga aliambiwa, "Salamu ya mdomo inatosha," na aliyemfuata bustanini moja kwa moja kutoka kazini alirudishwa langoni, awe mkubwa au mdogo.

Alikuwa na sababu. Katika shamba la ngano la serikali tulikoishi, yeye ndiye aliyesimamia unyunyiziaji wa dawa ya magugu. Jina lake lilikuwamo kwenye orodha ya wafanyakazi, lakini simkumbuki mtu aliyelitumia, nami sitalitumia hapa. Kazi yake ilikuwa kuua kila mmea wenye jani pana ndani ya maelfu ya ekari na kuiacha ngano peke yake, na aliifanya vizuri sana. Matrekta yake, yenye mikono mirefu ya kunyunyizia, yalipita katika majira yale yale ambayo dalia zilikuwa zinajiandaa kufunga matumba. Na dalia, kwa asiyeijua, ni ua la jani pana. Hukaa ardhini kwa mizizi minene inayofanana na viazi vitamu, na dawa ile ikiipata, hata kwa kiasi cha kubaki kwenye kiganja cha mtu, huikunja.

"Dawa haisomi," aliwahi kuniambia. "Haijui hili gugu na hili ua. Inatafuta jani pana tu."

Wengi waliona kichekesho katika hilo, kwamba mwuaji wa majani mapana anarudi nyumbani kulea majani mapana. Mimi nilidhani, na bado nadhani, kwamba mtu anayeua mchana kutwa anajua kuliko wengine kuua kunahitaji kiasi kidogo namna gani.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya shambani, aliyehamishiwa huko kutoka Iringa, na nyumba yetu ilitazamana na ya Bwana Dawa. Nilikua nikiziona dalia zile kila asubuhi. Nilipokwenda chuo kikuu kusomea kilimo, nilirudi kila likizo nikiwa na maneno mapya, na alinivumilia. Ninaandika habari zake kwa sababu katika mojawapo ya likizo hizo niliziua dalia zake karibu zote, kisha nikamwacha aamini kwamba ameziua yeye. Nitafika huko. Kwanza nieleze alivyozilea, maana bila maelezo hayo kosa langu litaonekana dogo.

Alianza na kigingi. Kabla mzizi haujashuka shimoni, kigingi kirefu cha mti mgumu kilikuwa kimeshapigwa, kwa kuwa upepo wa kule uwandani hauna kizuizi, na anayepiga kigingi baadaye hukipiga bila kuona na hutoboa kiazi. Mzizi aliulaza ubavu, akaufunika nusu shimo tu, akaongeza udongo kadiri chipukizi lilivyopanda. Hakumwagilia tone mpaka aone jani. Wengi waliojaribu dalia pale kambini waliziua kwa huruma. Walipanda leo, wakamwagilia leo, kesho na kesho kutwa, na baada ya wiki tatu wakafukua uji.

"Kiazi kina maji yake ndani," alisema. "Ukikiongezea kabla hakijaomba, unakizamisha."

Samadi yake ilikuwa ya ng'ombe, iliyolala mwaka mzima mpaka imepoteza harufu. Mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia ngano, ambayo nyumba nyingi za kambi zilikuwa nayo katika kopo fulani bila mtu kuuliza ilikotoka, haikuvuka lango lake. Fundi mmoja wa kombaini za kuvunia ngano aliitumia kwenye dalia zake, akapata mashina yaliyofika dirishani na majani ya kijani kilichokaribia weusi, lakini ua hakuna. Bwana Dawa alikwenda kuyatazama, mikono nyuma.

"Hongera," akamwambia. "Umepata mboga."

Wanawake waliopita na maziwa kutoka Nangwa walimtania pia, kwa heshima yote. "Shikamoo Mzee. Hivyo viazi vyako tutakula lini?"

"Marahaba. Mbona ninyi mnakula kila mnapopita hapa? Nimewaona mkisimama."

Walicheka, na kweli walikuwa wamesimama.

Shina lilipofikisha jozi nne za majani, alikata kilele chake kwa ukucha ili litoe matawi. Kisha matawi yalipofunga matumba, kila ncha ilileta matatu, moja kubwa katikati na mawili madogo pembeni, naye akayang'oa yale mawili. Kutokana na kazi hiyo ndipo lilipopatikana ua la ukubwa wa sahani, ambalo watu walilisimamia njiani. Na kazi hiyo ndiyo iliyomgombanisha na mkewe.

Mkewe hakuishi kambini. Alikaa Masieda, kwenye mji wao, akilima mahindi na maharage na kuangalia ng'ombe, na alikuja mara chache kwa mwaka akiwa na kibuyu cha maziwa na habari za nyumbani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyofika barazani kwetu bila jitihada. Siku moja nilimsikia amesimama nyuma ya mumewe, mikono kiunoni.

"Hawa wawili wamekukosea nini?"

"Wanamla mwenzao."

"Si wale pamoja?"

"Wakila pamoja utapata watatu wadogo."

"Mimi nimezaa sita," alisema, "na hakuna niliyemng'oa ili mwingine anenepe."

Bwana Dawa alingoja mpaka mkewe aingie ndani, akaendelea na tawi lililofuata.

Nisimfanye kuwa mtu mwema kuliko alivyokuwa. Maua alitoa bila kusita. Harusi, ubatizo na misiba ya eneo lote lile vilipambwa kutoka bustani yake. Aliyakata alfajiri, akayatumbukiza mashina yake katika maji ya moto kiasi cha kuvumiliwa na kidole ili yasinyauke njiani, na hakutaka kushukuriwa kwa maneno mengi. Lakini mizizi alikuwa mchoyo nayo kupita kiasi. Meneja wa shamba, aliyetoka mkoa mwingine na aliyekaa katika nyumba kubwa yenye bustani tupu, aliomba mbegu. Meneja hakataliwi. Bwana Dawa alimpelekea kapu la mizizi mizuri, mikubwa, iliyooshwa, na haikuota hata mmoja. Baadaye alinieleza mwenyewe, bila haya yoyote, kwamba mzizi wa dalia huchipua kutoka kwenye jicho lililo shingoni tu, pale unapoungana na shina la zamani, naye alikuwa amekata kila mzizi chini ya shingo.

"Aliomba viazi," alisema. "Nimempa viazi."

Nilicheka sana wakati ule. Meneja alitunza tuta lile kwa miezi miwili, akilitembelea jioni kwa jioni, na aliondoka pale shambani akiamini kwamba hana mkono wa maua.

Kati ya dalia zote, moja ilikuwa na cheo chake. Ilikuwa nyekundu iliyoiva mpaka kukaribia weusi, na aliiita "ile nyeusi." Aliipata Dongobesh, kwa mama mmoja aliyekuwa anaing'oa ili apande vitunguu. Nyingine zote zilikuwa mashina mawili, matatu ya kila rangi. Ile ilikuwa shina moja tu, na kila mwaka alipochimbua mizizi baada ya mvua kwisha, aliuhifadhi mzizi wake katika mchanga mkavu, ndani ya chungu, chini ya kitanda.

Sheria moja ya bustani niliibishia waziwazi, nayo ni ile ya mabua ya ngano. Kombaini zikishapita, mabua yalikuwa kila mahali. Watu waliyatandika kwenye mabanda ya ndama, waliyajaza kwenye magodoro, waliyatandaza kwenye mboga. Bwana Dawa alikataa yasiingie kwake. Matandazo ya dalia zake yalikuwa nyasi alizozikata mwenyewe kilimani, mwendo wa saa nzima, na alizibeba mgongoni mbele ya malundo ya mabua ya bure.

"Mzee, mpaka mavuno dawa imeshavunjika yote," nilimwambia. "Tumefundishwa."

"Mmefundishwa dawa ipi?"

"Hii inayotumika kwenye ngano."

"Binti Mwalimu, wanatuletea nyingine kila wanapojisikia. Nyingine sijui hata jina lake mpaka nisome pipa."

Nilikuwa mwaka wa pili. Niliandika moyoni kwamba huyu ni mtu wa vitendo mwenye hofu zisizo na msingi, nikamhurumia kidogo.

Msimu uliofuata, alipelekwa kwa wiki tatu kwenye shamba jingine la ngano kufundisha vijana wao. Dalia zilikuwa zimefika magotini. Aliniachia ufunguo wa lango na maagizo machache, la kwanza likiwa kwamba nisiingie kabla ya kuoga, ijapokuwa mimi sikuwa karibu na dawa yoyote. Mvua zikakatika. Kufikia siku ya tatu majani yalikuwa yanalala mchana. Nilikwenda kilimani mara moja kukata nyasi, nikarudi na mzigo uliofunika mashina mawili. Nyuma ya shule kulikuwa na lundo la mabua ya ngano lililofika paa.

Niliyatandaza vizuri sana. Hilo nalikumbuka. Nilisimama langoni nikaona tuta la rangi ya dhahabu lenye mashina ya kijani yaliyosimama, nikafikiri kwamba akirudi nitamwonyesha, na atakubali. Siku ya nne mvua ikanyesha, nami nikafurahi.

Wiki ya pili majani machanga yalianza kutoka membamba, yamejikunja kama vidole vya mtu anayeficha kitu. Ncha za mashina zikapinda kuelekea chini. Sikuhitaji kitabu, sura ile nilikuwa nimeiona utoto wangu wote kwenye magugu ya kando ya ngano. Dawa haikufa shambani. Ilibaki ndani ya bua, mvua ikaiosha, ikashuka kwenye mizizi. Alasiri moja niliyaondoa mabua yote na kuyapeleka kwenye shimo la taka la shule, nikayachoma. Baba alitoka darasani akaniuliza, "Unachoma nini?"

"Takataka za bustani," nikamjibu.

Bwana Dawa aliporudi, alioga kwanza. Nilimsubiri langoni. Nilikuwa nimekusudia kumwambia. Nimejichunguza mara nyingi juu ya hilo na naamini nilikuwa nimekusudia.

"Shikamoo Mzee."

Alikuwa ameshaingia na kuona. Alipita shina hadi shina, akafika kwenye ile nyeusi, akachuchumaa, akaliinua jani lililokunjika kwa kijiti badala ya kidole.

"Marahaba," alisema hatimaye. Kisha akasema, "Siku ile gari lilikuwa linanisubiri. Nilikuwa nimetoka kwenye mapipa. Nikaona kamba ya kigingi cha hii imelegea, nikaingia, nikaifunga. Sikuoga. Nilijiambia ni mara moja tu." Aligeuza viganja vyake, akavitazama. "Ni mimi."

Ningeweza kusema neno wakati ule. Lilikuwa fupi. Mara nyingi watu hueleza kimya chao kwa woga, nami nilikuwa na woga: baba yangu alijivunia binti yake wa chuo kikuu, na Bwana Dawa mwenyewe alikuwa akiwaambia watu kwamba mimi ni mtaalamu. Lakini kulikuwa na kingine, ambacho sipendi kukiandika. Nilihisi nafuu. Kosa lilikuwa limepata mwenyewe, mtu aliyelipokea bila kubishana, na kwa dakika ile nilimshukuru.

Nilisema, "Pole, Mzee."

Mashina ishirini na zaidi yalioza au yalikauka. Ile nyeusi iliacha mzizi mmoja mwembamba wenye jicho moja. Mkewe alikuja, akaufukua yeye, akaufunga katika kipande cha gunia, akaenda nao Masieda. Bwana Dawa alisimama nje ya lango wakati wote huo. Alisema mikono yake imeshajaa, kwamba dawa imeingia ndani ya ngozi na maji hayafiki huko. Aliendelea na kazi yake mpaka serikali ilipoachana na mashamba yale na kambi ikatawanyika, lakini hakupanda tena hata mchicha.

Baba yangu alihamia kwingine, nami nikapata kazi mbali. Habari za Masieda zilinifikia kwa vipande. Mzizi umeota. Umegawanywa. Mke ana dalia sasa, mstari mzima. Mzee hukaa kwenye kiti kando ya mstari huo na kutoa amri, na hagusi hata jani lililoanguka. Likianguka miguuni pake humwita mtu aliondoe.

Miaka kumi na moja baada ya mabua yale, kazi ilinipeleka Dongobesh kwa siku mbili. Nilimaliza mapema siku ya pili, nikaomba gari linifikishe Masieda.

Nilimkuta kwenye kiti hicho. Alikuwa amekonda, kofia ya sufu imefunika masikio. Kando yake, kutoka ukuta wa zizi hadi njiani, zilisimama dalia za rangi moja, nyekundu iliyokaribia weusi, maua mengi, madogo madogo, yamesongamana. Mke alinikaribisha, akaniletea chai ya maziwa, akarudi kwenye maharage yake aliyokuwa anayapepeta hatua chache kutoka tulipoketi. Tuliulizana habari za baba yangu, za mvua, za watu wa kambi.

"Tazama huyu alichofanya," Bwana Dawa alisema akinionyesha maua kwa kidevu. "Hang'oi tumba hata moja. Namwambia kila mwaka."

"Nimezaa sita," mkewe alisema bila kuinua kichwa.

Nilikiweka kikombe chini. "Mzee, zile dalia za kambini si wewe uliyeziua. Ni mimi. Niliweka mabua ya ngano ulipokuwa safarini, kisha nikayachoma kabla hujarudi."

Aliisogeza kofia kutoka masikioni. Kisha akaanza kuniuliza, kwa sauti ya msimamizi anayepokea taarifa ya kazi.

"Mabua ya wapi?"

"Ya nyuma ya shule."

"Hayo yalitoka upande wa bwawani. Tulipiga dawa mpya kule. Uliweka unene gani?"

Nilimwonyesha kwa mkono.

"Mvua ilinyesha lini?"

"Siku ya nne."

Aliitikia kwa kichwa. "Nililiwaza sana," alisema. "Kigingi kimoja, kamba moja, mashina ishirini. Hesabu haikukubali. Nikirudia haikubali. Lakini sikuwa na mtu mwingine." Akanitazama. "Niliporudi nikatazama mikono yangu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Mzee."

"Ulikuwa umesimama langoni."

"Ndiyo."

"Nilikuona. Nilidhani unanihurumia."

Alimgeukia mkewe, akamwambia maneno machache kwa Kiiraqw. Ungo ukatulia. Mama yule alinitazama muda mrefu, akasema kwa Kiswahili ili nisikose kuelewa:

"Kwa hiyo huyu amekaa kwenye kiti bure. Na mimi nimeinama bure, na mgongo huu."

"Ndiyo, Mama. Naomba mnisamehe."

"Hilo liache kwanza," Bwana Dawa alisema.

Alishika mikono ya kiti, akasimama. Ilimchukua muda. Alikwenda mpaka shina la kwanza, akasimama mbele yake, viganja vimening'inia. Kisha akaingiza vidole kati ya majani, akapapasa tawi mpaka ncha yake, akapata matumba matatu, akabakiza moja.

"Wewe!" mkewe alipiga kelele. "Waache wanangu!"

Yeye alikuwa ameshahamia tawi la pili. Safari moja aling'oa tumba la katikati kwa kukosea, akaliangalia, akalitupa chini. Nilingoja ageuke. Hakugeuka. Dereva alipopiga honi njiani nilisema, "Naaga, Mzee," naye akajibu, "Haya," kwa sauti ya mtu aliyekatizwa kazini. Alikuwa amefika shina la tatu. Mkewe alikuwa nyuma yake, anamgombeza kwa Kiiraqw bila kupumzika, huku akimshikia majani pembeni ili aone.